Mtoro ni Nani? Mgawanyo wa Utendaji katika Kiswahili cha Kampeni za Kutokomeza Kifua Kikuu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Kiswahili kinachotumiwa katika juhudi za kuzuia na kutokomeza kifua kikuu nchini Tanzania na Kenya. Hoja kuu ni kwamba sarufi ya lugha hiyo inagawa utendaji kwa namna isiyo sawa. Panapohusika wajibu wa kutibu, mtenda hufichwa nyuma ya kauli ya kutendeka. Panapohusika kukatika kwa matibabu, mtenda huwekwa wazi na kupewa nomino ya ngeli ya watu. Hoja hiyo inajengwa kwa kuchambua jina la ugonjwa wenyewe, kitenzi kutibika, nomino mshukiwa, mhisiwa na mtoro, kivumishi sugu, na vitenzi kutokomeza na kumulika. Makala yanahitimisha kwamba kufasiri istilahi mpya za kimataifa neno kwa neno hakutoshi, kwa sababu tafsiri ya namna hiyo inaweza kurudisha lawama ileile iliyokusudiwa kuondolewa. Nyenzo za kurekebisha upungufu huo zimo tayari ndani ya unyambuaji wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amewatambua bakteria wanaosababisha kifua kikuu. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani, na kila inapofika, mabango, matangazo ya redio na hotuba za viongozi hurudia msamiati uleule: ugonjwa unatibika, makohozi yapimwe, wagonjwa waibuliwe, watoro wafuatiliwe, kifua kikuu kitokomezwe. Msamiati huo una uzito wake katika maisha ya watu. Tanzania na Kenya zote mbili zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, na kwa wananchi wengi wa nchi hizo taarifa ya kwanza kuhusu kifua kikuu huwafikia kwa Kiswahili. Namna taarifa hiyo inavyotungwa inaweza kumfanya mtu aende zahanati mapema, au abaki nyumbani akificha kikohozi chake.

Uhusiano kati ya lugha na ugonjwa huu umewahi kuhakikiwa. Susan Sontag, katika Illness as Metaphor (1978), alionesha jinsi Ulaya ya karne ya 19 ilivyoupamba ugonjwa huu kwa sitiari za unyeti wa nafsi na uzuri wa kusikitisha, na akadai kwamba sitiari zinazoupamba au kuutisha ugonjwa humwumiza mgonjwa mara ya pili. Kiswahili cha kampeni za afya hakina mapambo hayo. Ni lugha ya maagizo na takwimu, na msomaji anayetafuta sitiari za wazi ndani yake anaweza kutoka mikono mitupu. Kwa hiyo uhakiki huu unashuka chini ya ngazi ya sitiari hadi kwenye unyambuaji wa vitenzi, uundaji wa nomino na upatanisho wa kisarufi. Huko ndiko lugha inakoamua, bila mzungumzaji kujua, nani ametenda na nani ametendwa.

Data inayochambuliwa ni misemo iliyozoeleka katika elimu ya afya kwa umma, katika vituo vya tiba na katika taarifa za habari za nchi hizo mbili. Lengo si kuwahukumu watumishi wa afya, ambao wengi wao wanaitumia misemo hiyo kwa nia njema na chini ya shinikizo kubwa la kazi. Lengo ni kuonesha kwamba nia njema haitoshi pale ambapo muundo wa sentensi umekwisha kutoa hukumu.

2.0 Jina la Ugonjwa: Kifua na Ukuu Wake

Istilahi kifua kikuu imeundwa kwa nomino inayotaja kiungo cha mwili na kivumishi -kuu chenye maana ya kushinda vingine kwa ukubwa au cheo. Katika mazungumzo ya kila siku, kifua peke yake tayari ni jina la maradhi: kusema kwamba mtoto ana kifua ni kusema anakohoa au anabanwa. Kivumishi kikuu kwa hiyo kinaweka ngazi. Chini yupo mtu mwenye kifua cha kawaida, na juu yupo mwenye kifua kilichopita vingine vyote.

Uundaji huu una sifa njema. Unaeleweka bila elimu ya udaktari, na unakitofautisha kikohozi kinachohitaji vipimo na mafua ya kupita. Hata hivyo, ngazi hiyo ina athari mbili. Kwanza, inaweza kumfanya mtu mwenye dalili ndogo ajihesabu kuwa yuko kwenye ngazi ya chini, asubiri mpaka maradhi yawe makuu kweli ndipo atafute tiba. Tafiti za kitaifa za kupima ukubwa wa tatizo, zilizofanywa katika nchi mbalimbali za Afrika na Asia, zimeonesha kwamba takribani nusu ya watu waliothibitishwa kimaabara kuwa na ugonjwa huu hawakutaja dalili walipohojiwa. Jina linalotangaza ukuu haliwaiti watu wa kundi hilo.

Pili, jina linaufungia ugonjwa kifuani. Bakteria hao hushambulia pia tezi, mifupa, uti wa mgongo, figo na utando wa ubongo. Inapobidi kulitaja hilo, mzungumzaji hulazimika kusema kifua kikuu cha mifupa au kifua kikuu cha tezi, yaani kifua ambacho si cha kifua. Mama anayeelezwa kwamba uvimbe wa shingo ya mwanawe ni kifua kikuu ana haki ya kuuliza mbona mtoto hakohoi. Swali lake halitokani na ujinga. Linatokana na kulisoma jina kama lilivyoandikwa.

Hapa kuna jambo linalopaswa kuwafikirisha watetezi wa istilahi za asili ya Kiswahili. Kifupisho cha mkopo TB, kinachopatanishwa katika ngeli ya I-ZI, hakibebi kiungo chochote cha mwili, na kwa hiyo TB ya mifupa haimkwazi msikilizaji. Ukuzaji wa istilahi kwa kawaida husifia uwazi wa maana, yaani neno ambalo sehemu zake zinaeleza kinachotajwa. Mfano huu unaonesha kwamba uwazi wa maana ukieleza sehemu moja tu ya ukweli unaweza kupotosha kuliko neno geni lisiloeleza kitu. Hii si sababu ya kulitupa jina kifua kikuu, ambalo lina mizizi na hadhi. Ni sababu ya kuyaacha majina yote mawili yafanye kazi pamoja, na kuacha kuliona TB kuwa ni uvivu wa kutafsiri.

3.0 Kinatibika na Nani?

Huenda hakuna sentensi iliyorudiwa zaidi katika elimu ya ugonjwa huu kuliko Kifua kikuu kinatibika. Thamani yake ni kubwa. Kwa vizazi vilivyoujua ugonjwa huu kuwa ni hukumu ya kifo, sentensi hiyo ilileta habari mpya na ya kweli: ugonjwa wa kawaida usio na usugu wa dawa hutibiwa kwa miezi sita, dawa nne katika miezi miwili ya kwanza na mbili katika minne iliyobaki. Hata hivyo, kitenzi chake kinahitaji kuangaliwa.

Kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka kina kazi mbili zinazojulikana. Huonesha hali iliyokwisha kutokea, kama katika kikombe kimevunjika, na huonesha uwezekano, kama katika mlango huu unafungika. Katika kazi zote mbili mtenda hatajwi, na zaidi ya hapo, muundo wenyewe haumpi nafasi. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda aingie kwa kiunganishi na: kifua kikuu kinatibiwa na mganga wa zahanati. Kauli ya kutendeka haimruhusu. Kifua kikuu kinatibika na mganga si sentensi ya Kiswahili fasaha. Uwezekano wa kutibiwa unakuwa sifa ya ugonjwa, kama vile rangi ilivyo sifa ya kitambaa.

Matokeo yake ni kwamba kaulimbiu inayotangaza wajibu mkubwa wa umma haimtaji mwenye wajibu. Atakayetibu ni nani? Wapi? Dawa zikiisha katika kituo, aulizwe nani? Nchini Tanzania na Kenya dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, lakini nauli, siku za kazi zinazopotea na chakula vinabaki mzigo wa kaya. Mkakati wa dunia uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2014 unalitambua hilo. Pamoja na malengo ya kupunguza vifo kwa asilimia 95 na wagonjwa wapya kwa asilimia 90 ifikapo mwaka 2035, kwa kulinganisha na mwaka 2015, mkakati huo unataka pasiwepo familia hata moja inayofilisika kwa sababu ya ugonjwa huu. Lengo hilo la tatu halina mahali pa kukaa katika kitenzi kinatibika.

Linganisha na sentensi utatibiwa bure. Mtendwa ni msikilizaji mwenyewe, anayezungumziwa kwa nafsi ya pili. Kauli ni ya kutendwa, na hivyo nafasi ya mtenda ipo hata kama haikujazwa. Msikilizaji anaweza kuuliza na nani? na sarufi ikampa haki ya kujibiwa. Tofauti kati ya kinatibika na utatibiwa ni tofauti kati ya habari na ahadi. Ya kwanza haiwezi kuvunjwa na yeyote, kwa kuwa hakuna aliyeitoa.

4.0 Mshukiwa, Mhisiwa, Mtoro

Mambo hugeuka pale lugha inapohama kutoka kwa ugonjwa kwenda kwa mtu. Mwaka 2012 kundi la wataalamu likiongozwa na Rony Zachariah lilichapisha makala lililohoji istilahi za Kiingereza zilizokuwa zikitumiwa katika huduma za kifua kikuu, hasa zile zilizomwita mtu anayesubiri vipimo kwa jina linalotumiwa na polisi, na aliyekatiza dawa kwa jina la mtu aliyeshindwa kulipa deni au kutimiza wajibu. Mwaka uliofuata, WHO ilipotoa fafanuzi mpya za utoaji wa taarifa, istilahi hizo ziliondolewa. Swali la kiisimu ni hili: Kiswahili kilifanya nini?

Kuhusu neno la kwanza, Kiswahili kilikuwa na majibu mawili. Mshukiwa ni neno la kituo cha polisi na la taarifa za uhalifu. Anayeitwa hivyo anahisi tayari ana kesi ya kujibu. Katika huduma za afya nchini Tanzania, hata hivyo, limezoeleka pia neno mhisiwa, lililoundwa kutokana na kitenzi hisi kwa kiambishi cha kutendwa. Maneno haya mawili yana umbo moja, yote yakimtaja mtu anayetendwa, lakini hayana historia moja. Kushuku ni kumdhania mtu ubaya. Kuhisi ni kuona dalili bila kuamua. Ni vigumu kupata mfano bora wa jinsi unyambuaji unavyoweza kuzaa istilahi fupi, inayoingia katika safu ya daftari la zahanati, bila kumvika mtu nguo za mfungwa. Kazi hiyo njema inastahili kutambuliwa na kuenezwa.

Kuhusu neno la pili, hali ni tofauti. Aliyeacha kufika kuchukua dawa huitwa mtoro, na kwa wingi watoro wa dawa. Nomino hii imetokana na kitenzi toroka, na ni nomino ya mtenda: inamtaja mtu kwa tendo alilolifanya mwenyewe, kwa hiari yake. Matumizi yake mengine yanaonesha uzito wake. Mwanafunzi mtoro amekimbia shule. Askari mtoro amekimbia kambi. Katika historia ya pwani ya Kenya, watoro walikuwa watu waliokimbia utumwa na kuanzisha vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo, katika karne ya 19. Katika matumizi yote haya, neno mtoro linadai kuwepo kwa mamlaka yenye haki ya kumshika aliyekimbia. Historia ya pwani inafundisha kwamba lawama iliyomo katika neno hilo hutegemea nani anayelitamka. Kwa aliyejiita mmiliki, mtoro ni mwasi. Kwa wanakijiji wa Fuladoyo, kutoroka kulikuwa kuokoka.

Nomino ya mtenda hufunga swali la kwa nini. Ukishasema fulani ni mtoro, sababu imekwisha kutajwa: alitaka kutoroka. Mchimbaji mdogo wa tanzanaiti huko Mererani, ambaye vumbi la miamba limemwongezea hatari ya kuugua, anaweza kuhama kwa sababu shimo halitoi tena na riziki imehamia kwingine. Mfanyakazi wa nyumbani anaweza kurudishwa kijijini mara tajiri wake anaposikia neno TB. Mwingine anaweza kusitisha dawa kwa sababu zinamchafua tumbo akiwa hana chakula cha kumezea. Daftari linawaandika wote kwa neno moja.

Hatari ya jambo hili haikomei katika kuvunjiana heshima. Mwaka 2010, mahakama ya Kapsabet nchini Kenya iliamuru wagonjwa waliokatiza matibabu ya kifua kikuu wafungwe gerezani kwa miezi minane, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Waliachiwa kabla ya muda huo kwisha, na shauri lao likafika Mahakama Kuu jijini Nairobi. Tarehe 24 Machi 2016, yaani katika Siku ya Kifua Kikuu Duniani, mahakama hiyo iliamua kwamba kumfunga mtu gerezani kwa ajili ya kumtibu ugonjwa huu kulikiuka katiba. Haitakuwa haki kudai kwamba neno ndilo lililowapeleka watu hao gerezani. Lililowapeleka ni amri chini ya sheria ya zamani ya kikoloni. Lakini neno mtoro na amri ile vina mantiki moja. Mtoro hukamatwa. Jamii iliyozoea kumwita mgonjwa kwa jina hilo haishangai anapotiwa pingu.

Suluhisho linaloonekana kuwa jepesi ni kutafsiri istilahi mpya ya kimataifa, inayomtaja mtu aliyepotea katika ufuatiliaji. Hapo ndipo mtego ulipo. Katika Kiswahili, kupotea hakukomei katika kutojulikana mahali mtu alipo. Ni pia kuacha njia iliyonyooka. Mpotevu ni mtu wa kutubu. Aliyepotea ni anayepaswa kurejea, na lawama iliyotolewa mlangoni imeingia tena kwa dirishani. Istilahi ambayo katika lugha chanzi ilimwondolea mgonjwa hatia inamrudishia hatia hiyo katika lugha lengwa, ingawa mfasiri hakukosea neno hata moja.

Sarufi ya Kiswahili ina njia nyingine. Badala ya kumtafutia mtu jina jipya, sentensi inaweza kubadilishiwa kiima: matibabu yamekatika. Kauli ya kutendeka, iliyolaumiwa katika sehemu iliyotangulia, hapa inatenda haki. Huko ilificha mwenye wajibu. Hapa inazuia hukumu isitolewe kabla ya uchunguzi. Matibabu yaliyokatika yanamlazimisha msomaji wa daftari aulize yamekatwa na nini, na jibu linaweza kuwa mgonjwa, tajiri wake, nauli, au kituo kilichoishiwa dawa. Kauli ya kutendeka haina wema wala ubaya kwa asili yake. Cha kuhakikiwa ni nani ananufaika na ukimya wake.

5.0 Sugu: Kivumishi Kisichopatana

Bakteria wa kifua kikuu wasiouawa na dawa zilizozoeleka, hasa isoniazid na rifampicin, wamezaa istilahi kifua kikuu sugu. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926, ndiyo iliyoanza kutibu ugonjwa wa aina hiyo nchini Tanzania mwaka 2009. Kwa miaka mingi tiba hiyo ilichukua hadi miaka miwili, pamoja na sindano zilizowaharibia baadhi ya wagonjwa uwezo wa kusikia. Tangu 2022 WHO imependekeza kwa wagonjwa wengi tiba ya vidonge ya miezi sita.

Neno sugu lina maana ya msingi ya ngozi iliyokomaa na kuwa ngumu kwa kusuguliwa. Kutoka hapo limepanuka. Huweza kusemwa juu ya maradhi yanayodumu, kama kikohozi sugu. Juu ya vimelea visivyodhurika na dawa. Na juu ya mtu asiyesikia maonyo, kama mhalifu sugu. Maana hizi tatu zingeweza kutenganishwa na upatanisho wa kisarufi kama kivumishi hicho kingekuwa na viambishi. Hakina. Vivumishi vya Kibantu kama -kali au -gumu humwambia msikilizaji mara moja vinasifu nomino ipi: mgonjwa wa kifua kikuu kikali haachi shaka kwamba kikali ni kifua, wala mgonjwa mkali wa kifua kikuu haachi shaka kwamba mkali ni mtu. Lakini katika mgonjwa wa kifua kikuu sugu hakuna kinachoonesha usugu ni wa nani. Mantiki inauweka kwa ugonjwa. Sarufi inauacha wazi. Na mazoea ya kusema mhalifu sugu na mdeni sugu yanauvuta kuelekea kwa mtu. Kifupi chake, mgonjwa sugu, kinakamilisha safari hiyo: sifa ya bakteria imekuwa tabia ya binadamu.

Kosa hili lina uzito wa kitiba pia. Linaimarisha dhana kwamba ugonjwa sugu ni adhabu ya aliyekatiza dozi. Kukatiza dozi ni njia mojawapo, lakini mtu anaweza kuambukizwa moja kwa moja bakteria waliokwisha kuwa sugu, hajawahi kumeza hata kidonge kimoja maishani. Usugu unaweza pia kutokana na dawa duni au maagizo yasiyo sahihi. Marekebisho yake ni madogo: kifua kikuu chenye usugu wa dawa. Kivumishi chenye kinabeba kiambishi cha ngeli ya KI-VI, na kwa silabi hiyo moja kinamwondoa mtu katika shutuma.

6.0 Kutokomeza na Kumulika

Kitenzi kinachotawala malengo ya sasa ni kutokomeza. Kimenyambuliwa kwa kauli ya kutendesha kutokana na tokomea, yaani kwenda mbali mpaka kutoonekana. Kitenzi hiki kina mvuto wa kishujaa, na kinafaa hotubani. Udhaifu wake ni kwamba kinapima mafanikio kwa kutoonekana. Katika istilahi za afya ya umma, kudhibiti, kukomesha na kutokomeza ni viwango tofauti, na cha juu kabisa kimewekewa kipimo cha mgonjwa mpya asiyefika mmoja kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Tena, inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria hawa, na wengi wao hawaugui kamwe. Ugonjwa unaoweza kulala mwilini kwa miaka bila dalili ndio hasa unaojua kutokomea machoni bila kwisha. Kuzuia, ambako kunajumuisha chanjo ya BCG kwa watoto na dawa za kinga kwa wanaoishi na mgonjwa, ni kazi ya kimya inayofanywa kwa watu wasioumwa. Kitenzi cha hotuba kinaifunika kazi hiyo.

Kaulimbiu iliyotumiwa nchini Kenya, Mulika TB! Maliza TB!, ina sifa zinazokosekana hapo. Ni fupi, ina urari wa sauti, vitenzi vyake viwili vinaanza kwa sauti moja, na kitendwa chake ni ugonjwa, si mgonjwa. Kumulika ni kuleta nuru penye giza, si kupiga. Hata hivyo, tochi inayomulika ugonjwa humwangaza pia mwenye nao, na katika mtaa wenye unyanyapaa mtu aliyemulikwa ndiye anayeonwa na wote. Kitenzi kuibua, kinachotumiwa Tanzania kwa kazi ya kuwatafuta wasiojijua, kina tatizo lililo karibu na hilo: kinadhani kwamba aliye chini ya maji amejificha. Methali mficha maradhi kilio humfichua, inayopendwa sana na waelimishaji, inaleta dhana hiyohiyo kwa nguvu ya wahenga. Inamwonya anayeficha bila kuuliza alichokiogopa.

Methali nyingine inaweza kuwekwa kando yake: kumulika nyoka huanzia miguuni. Kabla ya kuwamulika waliojificha, mwenye tochi aangalie kwanza alipokanyaga, yaani maneno anayoyatumia kuwaita watu waje kwenye nuru.

7.0 Pingamizi na Majibu Yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba mjadala huu ni wa maneno matupu, ilhali wagonjwa wanahitaji dawa. Jibu limo katika historia ya Kiswahili chenyewe. Katika miongo ya kwanza ya UKIMWI, watu wenye virusi waliitwa waathirika, kana kwamba maisha yao yalikuwa yamekwisha kuharibika. Wao wenyewe walidai jina jingine, na Tanzania ikazoea kusema watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa kifupi WAVIU. Kirai kirefu kilipata kifupisho, na kifupisho kikaingia katika nyaraka na katika mazungumzo. Mabadiliko hayo hayakuchukua nafasi ya dawa. Yaliwasaidia watu kuzifuata. Vilevile, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977, unashughulikia ugonjwa wa pili ambao jina la mwenye nao, mkoma, limekuwa likiachwa ili kumtaja mtu kwanza na ugonjwa baadaye.

Pingamizi la pili ni la kiutendaji, nalo lina nguvu zaidi: daftari lina safu nyembamba, na muuguzi mwenye foleni ndefu hawezi kuandika sentensi. Ndiyo maana makala haya hayapendekezi virai virefu vya staha. Mhisiwa ni fupi kama mshukiwa. Yamekatika ni fupi vya kutosha kuingia katika safu ya mtoro. Chenye usugu hakihitaji ukurasa.

Pingamizi la tatu ni kwamba mgonjwa anayekatiza dawa anawahatarisha wengine, na lugha isiyolaumu itaua uwajibikaji. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini uwajibikaji una pande mbili. Tanzania ilipoanza, katikati ya miaka ya 2000, kumpa mgonjwa hiari ya kumezea dawa nyumbani akiwa na mtu wa karibu aliyemchagua, uangalizi haukuondolewa. Ulihamishiwa kwa mtu ambaye mgonjwa anamwamini. Mtu huyo anafaa kuitwa msaidizi kuliko msimamizi. Msimamizi husimama juu ya mtu. Msaidizi husimama naye.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha ruwaza moja inayojirudia. Katika kinatibika, mwenye wajibu wa kutibu hana nafasi katika sentensi. Katika mtoro, mgonjwa amepewa nafasi ya mtenda peke yake. Katika sugu, ukosefu wa upatanisho umeruhusu sifa ya bakteria imhamie binadamu. Katika aliyepotea, tafsiri aminifu imefufua lawama. Hakuna hata moja kati ya haya lililobuniwa kwa nia mbaya, na kila moja lina mbadala ndani ya sarufi ileile.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wizara za afya peke yake, wala haiwezi kufanywa na wanaisimu wasioingia zahanati. Mabaraza ya Kiswahili, idara za vyuo vikuu na mipango ya kudhibiti ugonjwa huu yana sababu ya kukaa meza moja kabla nyaraka zinazofuata hazijapigwa chapa, na watu waliowahi kutibiwa wawe miongoni mwa watakaoulizwa neno lipi liliwauma. Istilahi nzuri ya afya haipimwi kwa usanifu wake tu, wala kwa ulinganifu wake na Kiingereza. Inapimwa kwa swali jepesi: mtu anayekohoa, akilisikia neno hilo likiitwa kwa sauti katika chumba cha kusubiri, atanyanyuka aende dirishani, au atavuta kanga usoni na kutoka nje?